Kidole Gumba Ndiye Kapita

Sijapata kuona mtu aliyenawa mikono kwa furaha kama Direkta. Wengine hunawa ili wapate kula. Yeye alinawa kama mpiga ngoma anayeikaza ngozi kabla ya sherehe. Mkewe alimmiminia maji kutoka kwenye birika, yakatiririka katika beseni la plastiki, naye akavisugua vidole kimoja baada ya kingine, akazikagua kucha, kisha akauinua mkono wa kuume ukiwa bado umelowa, akautazama kwenye mwanga wa mlango na kuuliza, "Tuko tayari?" Sisi tulioketi kulizunguka sinia hatukujua kama alituuliza sisi au aliviuliza vidole. Kabla ya mkono kukauka, alikuwa amekwisha kucheka.

Wenzangu tuliosoma pamoja elimu ya lishe chuoni hushangaa kwamba kila ninapozungumzia chakula humtaja mtu huyu kabla ya kuitaja protini. Nimekusudia kuwajibu hapa. Sitaanza na ukoo wake wala kijiji alikozaliwa, kwa sababu yeye mwenyewe, alipoulizwa ametokea wapi, alijibu, "Nimetoka jikoni, wamenifukuza." Inatosha kusema kwamba aliiongoza shule ya msingi ya mtaa wetu, mjini Kasongo, kwa miaka mingi, kwamba alistaafu lakini cheo chake hakikustaafu, na kwamba nyumba yake ilitazamana na yetu, mlango kwa mlango. Mtoto yeyote aliyepita uani pake saa ya chakula aliitwa ndani. "Kuya, kuya ule," alisema, huku akijisogeza kwenye mkeka ili nafasi ipatikane. Hivyo ndivyo nilivyokulia penye sinia lake.

Mkono ule niliouelezea ulipooza mwaka jana, na kwa muda ilionekana kwamba mwenyewe ameliaga sinia kwa siku zote. Kabla sijafika huko, sharti mjue alikuwa mlaji wa namna gani, maana bila hilo hamtaelewa tulikuwa karibu kupoteza nini.

Kwake kula kulikuwa elimu yenye kanuni, majaribio na mitihani, na somo la kwanza lilikuwa bugali, ndivyo tunavyouita ugali. Mwanafunzi mpya huutia mkono kileleni, akaungua, akapiga kelele, akachekwa. Kilele, alitueleza Direkta, ni mdanganyifu. Huonekana kimepoa kwa kuwa kinapigwa na upepo, lakini moto wote umejificha chini ya ngozi yake. Anza chini kabisa, ukingoni, pale bugali unapogusana na sinia, kwa maana bati limeshaiba joto kwa niaba yako. Chukua kidogo. Viringisha bila kukamua, kwa sababu tonge lililokamuliwa huwa gumu na hukataa mchuzi. Halafu ndipo kazi yenyewe inapoanza.

"Tazameni," alisema akiuinua mkono. "Hivi vidole vitatu vya katikati ni wafanyakazi. Kidole gumba ndiye kapita." Neno hilo, lenye maana ya msimamizi wa kazi, wazee wetu walitoka nalo kwenye mashamba ya pamba ya wakoloni, na kwao halikuwa tamu, lakini kinywani mwa Direkta liligeuka mzaha. "Kapita habebi kitu. Anasukuma tu, anachimba shimo, anaondoka. Na huyu mudogo wa pembeni, huyu anasimama anaangalia wenzake. Kila kazi iko na mutu kama huyu."

Shimo hilo la kidole gumba lilikuwa na sababu zake. Sombe, kwa kuwa majani yake ya muhogo yametwangwa na kukolea mawese, hushika tonge lenyewe na haihitaji shimo. Mchuzi wa samaki hukimbia, hivyo lazima uchimbiwe kisima. Aliyelizungusha tonge ndani ya bakuli badala ya kulichovya mara moja na kulitoa aliulizwa mbele ya watu wote, "Weye, unakula ao unaosha mukono?"

Kila chakula kilikuwa na mlango wake wa kuingilia. Muwa aliuanza juu, kwenye pingili za kuelekea majani, mahali ambapo maji ni mengi na utamu ni haba, akashuka nao kuelekea shina, hivyo kila pingili ilikuwa tamu kuliko iliyotangulia. Walioanza na shina aliwahurumia kwa dhati. "Masikini," alinong'ona, "saa hii anacheka, nyuma atatafuna kuni." Embe lenye nyuzi hakulimenya, alilikanda taratibu kwa vidole, akiliviringisha kama mama anayembembeleza mtoto mchanga, mpaka nyama yote ikawa uji ndani ya ganda, ndipo akang'ata tundu dogo kileleni na kunyonya. Andazi alilichovya katika chai na kuyasikiliza mapovu. Mapovu yakiendelea kupanda, andazi bado linakunywa; yakikoma, limelewa, litoe upesi; ukichelewa, litazama, na hutalipata tena ila kwa kijiko, jambo ambalo kwake lilikuwa sawa na kufeli mtihani wa taifa.

Msidhani alikuwa mlafi. Hili lilinichukua muda kulielewa, kwa kuwa nilikuwa kijana mkali wa maadili, na nilikuwa nimeamua mapema kwamba mtu anayezungumza sana juu ya chakula katika nchi yenye njaa anapungukiwa na aibu. Direkta alikuwa mwembamba. Alikula kidogo kuliko sisi sote, na wakati wa Kwaresima alifunga kwa uaminifu ambao hata katekista aliusifu, ingawa siku hizo za mfungo ndizo alizozungumzia zaidi ladha ya kumbikumbi waliokaangwa. Tena huyu bingwa wa kula hakujua kupika hata kidogo. Mara moja aliwahi kuachiwa sufuria ya maharagwe aichunge, na jirani wa nyumba ya nne ndiye aliyekuja kuuliza nini kinaungua. Tangu hapo mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Direkta, alimkataza kabisa kuvikaribia vile vijiwe vitatu vya moto.

Aliwafundisha wanafunzi subira, ilhali yeye mwenyewe hakuwahi kulingoja embe liive bila kulijaribu kwanza likiwa bichi, kwa chumvi na pilipili. Aliwarudisha nyumbani walimu waliochelewa, ilhali kengele yake ya adhuhuri ilikuwa na tabia ya kulia mapema siku ambazo upepo ulivuma kutoka upande wa jiko lake. Mwalimu mmoja alimkumbusha kwamba saa bado. "Saa yangu iko hapa," akajibu Direkta, akigusa pua.

Mpinzani wake katika elimu hii alikuwa Shehe, mzee mwenye ndevu nyeupe aliyefundisha watoto Kurani asubuhi na kuuza samaki mchana. Samaki wake walitoka Nyangwe, kwa wavuvi wa mto Lualaba, wakafika mjini kwa pikipiki ndani ya vikapu vilivyofunikwa majani. Kila Jumapili baada ya misa Shehe alikuja kula kwa Direkta, akileta samaki. Kila Ijumaa baada ya sala Direkta alikwenda kula kwa Shehe, akileta njaa. Ndivyo alivyosema mwenyewe.

Walibishana juu ya miba. Shehe alishikilia kwamba samaki huchambuliwa kwa vidole, akiwa bado sahanini, mwiba mmoja mmoja, mpaka nyama ibaki safi ndipo iingie kinywani. Direkta aliona huo ni woga. Kipande chote alikitia shavuni, upande wa kushoto, akafumba mdomo, akatulia kama mtu anayekumbuka jina la rafiki wa zamani. Ulimi ukafanya kazi yake gizani, nyama ikahamia upande wa pili, na miba ikatokeza kati ya midomo, mmoja mmoja, mikavu, safi kama njiti za kiberiti. Akaipanga ukingoni mwa sinia.

"Vidole havina macho," alisema. "Ulimi iko na macho."

"Siku moja mufupa itakukaba," Shehe akamjibu. "Padri atakuja kukuzika, na miye nitakuja kusema mbele ya watu: nilimwambia."

"Utakuja kusema, halafu utabaki kula."

"Nitabaki kula, ndiyo. Na miba nitatoa na vidole."

Mabishano hayo niliyasikia nikiwa na meno ya utotoni, na niliyasikia tena nilipokuja likizo kutoka chuoni. Hakuna aliyeshinda, na sidhani kama kuna aliyetaka kushinda.

Lakini kanuni iliyonifanya niandike ukurasa huu si ya miba wala ya muwa. Ni ile tuliyoiita kanuni ya mkono mdogo.

Watoto tulioitwa pale tulikuwa wa rika mbalimbali, na mboga mara nyingi ilikuwa chache. Yeyote aliyelelewa katika nyumba yenye watoto wengi anajua kinachotokea: wenye mikono mikubwa huondoka wameshiba, wadogo hubaki wakilamba mchuzi. Direkta hakuwahi kutuhubiria juu ya jambo hilo. Kabla ya kula alituamuru tuikunjue mikono juu ya sinia, akaikagua kama daktari, akautafuta mkono mdogo kuliko yote na kuutangaza kwa sauti ya sherehe: "Kipimo ni huyu!" Kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kuchukua tonge kubwa kuliko lile ambalo mkono ule ungeweza kulishika, wala kuchukua jingine kabla mwenye mkono ule hajameza. Na tonge la mwisho, lile ambalo katika nyumba nyingine hupiganiwa, lilikuwa mali ya mkono huo bila mjadala.

Aliyevunja kanuni hakuchapwa. "Kapita wako amesimamishwa kazi," alihukumiwa, na ikambidi ale zamu nzima huku kidole gumba kimesimama wima, kisiguse kitu. Jaribuni nyumbani. Tonge huteleza, huanguka, hukimbilia kwa jirani. Mkosaji hukodoa macho kama aliyepanda baiskeli kwa mara ya kwanza. Tulicheka hata tukasahau kwamba tulikuwa tumegawana samaki mmoja.

Nilidhani ni mchezo, na kwa kweli ulikuwa mchezo. Ni baadaye sana, nilipokuwa nimeanza kazi katika eneo la Kabambare, nikipima mikono ya watoto kwa utepe ili kuwatambua waliodhoofu, ndipo nilipoelewa kwamba mzee huyu alikuwa ameupima mkono mdogo muda mrefu kabla yangu, na kwamba alikuwa amepata njia ya kuitenda haki bila kumwaibisha mwenye uroho wala mwenye njaa.

Nilipomaliza masomo nilirudi Kasongo na picha kubwa za rangi, zenye vyakula vimegawanywa katika makundi. Nilizitundika ukutani kwake kabla ya chakula na kueleza kila kundi kwa bidii ambayo sasa inanifanya nitabasamu. Direkta alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Bon," alisema. "Hii sombe iko na madini ya chuma?"

"Ndiyo, Papa."

"Shehe, umesikia? Ndiyo maana jino yangu ilivunjika."

Nilikasirika kidogo, naye aliona. Alinishika bega. "Mwanangu, weye umesoma chakula kinafanya nini ndani ya mutu. Ni vizuri, endelea. Miye nasoma mutu anafanya nini mbele ya chakula. Tutakutana katikati."

Tulikutana Wamaza, huko Kabambare, ingawa mwenyewe hakuwapo. Akina mama wa huko walikuwa wamechoka na picha zangu. Walikaa kimya, wakanyonyesha, wakasubiri nimalize. Siku moja, kwa kuishiwa na la kusema, niliwasimulia kanuni ya mkono mdogo, na nikala mbele yao bugali wenye sombe huku kidole gumba kimesimama wima. Walicheka mpaka mmoja akashikilia nguzo. Nilipopita tena kwa pikipiki baada ya mavuno, mama yuleyule alinisimamisha njiani. "Ile ya mukono mudogo, tunafanya," alisema. "Ile ya gramu, tumesahau." Nilitamani kumpelekea Direkta habari hiyo mara moja, na nikaihifadhi kama zawadi.

Nilikuwa bado nayo Kabambare, njia ikiwa imeharibiwa na mvua, nilipopata ujumbe wa mama yangu kwamba Direkta amepooza upande mmoja. Mguu ulikuwa unarudi polepole. Ulimi na akili vilikuwa salama. Mkono wa kuume ulikuwa umelala na haukuonyesha dalili ya kuamka. Nilipanda pikipiki siku ambayo madaraja yaliruhusu, na nikafika Kasongo Jumamosi nikiwa wa rangi ya barabara.

Mama Direkta alinipokea uani. Alikuwa amekonda.

"Yeye iko ndani," alisema. "Anakula mu chumba, pekee yake, mulango imefungwa. Ninamupelekea bakuli na kijiko, ninaacha, ninarudi kuchukua. Shehe amekuja Jumapili zote, yeye anataka niseme amelala. Hajalala. Ninamusikia anasikiliza."

"Anakula vya kutosha, Mama?"

"Chakula kinaisha. Lakini nyumba imenyamaza, mwanangu. Hakuna mutu anasumbua mutu."

Niliingia. Direkta aliketi kitandani, shati limefungwa vifungo vibaya, mkono wa kuume umelazwa juu ya mto kama mgeni aliyelala mapema. Alifurahi kuniona, akaniuliza habari za njia. Nilipomuuliza kwa nini hatoki kula na watu, alitazama bakuli tupu.

"Na kijiko ninashiba," alisema. "Ila sikuli."

"Uko na mkono wa kushoto, Papa."

Akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyetoa jibu la aibu. "Mukono wa kushoto? Mu sahani ya watu? Miye niliyefundisha huu mutaa muzima kunawa? Shehe akae mbele yangu, aone ile mukono inaingia mu bugali?" Akatikisa kichwa. "Hapana. Acha."

Msomaji wa mbali huenda asielewe uzito wa neno hilo. Kwetu sinia ni la wote, na mkono wa kushoto una kazi zake nyingine ambazo hazitajwi wakati wa kula. Mtoto akiutia siniani hupigwa kofi jepesi kabla hajajua kusema. Direkta mwenyewe alikuwa ametoa makofi hayo. Hakuona njia ya kurudi isipokuwa kwa kuwachafulia wenzake, na hilo asingelifanya hata kama angekufa kwa upweke. Nilipoutazama mwili wake, sikuona kwamba upweke huo ulikuwa mbali na kumuua.

Usiku huo nilifikiri kama nilivyofundishwa kufikiri. Tatizo ni sinia la pamoja. Basi sinia liondolewe. Jumapili asubuhi niliazima sahani na uma kwa majirani, nikapanga meza ndogo na viti, nikampakulia kila mtu chakula chake mbali na cha mwenziwe, bugali kidogo hapa, samaki kidogo pale, sombe pembeni, sawa kabisa na picha zangu. Nilimwambia Direkta kwamba leo sote tutakula kwa uma, kwa mkono tutakaopenda, na hakuna sahani itakayoguswa na mwingine. Kwa kuwa nilikuwa nimetoka mbali, alikubali. Mkewe akamshika kiuno, akamtoa chumbani. Alikuwa hajaketi pale barazani tangu augue, na moyo wangu ulijaa fahari.

Fahari hiyo haikudumu. Tulikula. Uma ziligonga sahani. Bugali ulining'inia kwenye uma wangu kama nguo kwenye kamba. Mama Direkta aliutazama uma wake, akauweka chini. Hakuna aliyempita mwenziwe, hakuna aliyemngoja mwenziwe, hakuna aliyeulizwa kama anakula au anaosha mkono. Direkta alitafuna kwa adabu, macho yameinama.

"Iko kama hospitali," alisema hatimaye, bila kulalamika. "Inakosa tu mutu wa kupita kuandika joto."

Wakati huohuo Shehe akaingia, kanzu imepigwa pasi, samaki mkononi, akasimama kizingitini akaitazama meza.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Aliziangalia sahani moja moja, uma, viti, kisha Direkta, kisha mkono uliolala pajani. Nadhani alielewa kila kitu kabla hajavua viatu. Alimkabidhi Mama Direkta samaki, na bila kuniomba ruhusa akaanza kuzichukua sahani na kuzimimina zote, yangu ikiwa ya kwanza, katika sinia kubwa lililokuwa limeegemezwa ukutani. "Dokta wa sahani," aliniambia, "umefanya vizuri, umemutoa inje. Sasa kuya chini." Tulitandika mkeka. Tulimshusha Direkta taratibu, mgongo wake ukaegemea ukuta.

Shehe akachukua birika na sabuni, akapiga magoti mbele yake, akaushika mkono wa kushoto.

"Shehe," Direkta akasema kwa sauti ya chini. "Ni ya kushoto."

"Ninaona. Miye si kipofu."

"Hii mukono..."

"Ya kuume imechukua pensheni, kama wewe. Hii ndiyo imeitwa mu kazi." Alisugua kiganja, akasugua katikati ya vidole, kimoja kimoja, bila haraka, jinsi anavyotawadha mwenyewe. "Mutu akibaki na mukono mumoja, ule ndiyo wake wa kuume. Mungu hahesabu vibaya. Weye uliwahi kusikia anahesabu vibaya?"

Direkta alitazama maji yakimtiririka.

"Miye ndiye nitakaa karibu yako," Shehe akaongeza, "na miye ndiye nitaanza kula nyuma ya ile mukono. Mwenye kuona vibaya, aende kula na uma yake."

Kisha akauinua ule mkono uliolowa, akaugeuzia mlangoni kwenye mwanga, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilisikia swali lile likitoka kinywani mwa mtu mwingine: "Tuko tayari?"

Direkta alipiga ishara ya msalaba kwa mkono huohuo, Shehe akataja jina la Mungu, na tukatulia. Hata Mama Direkta, ambaye siku nyingine hula na wanawake wenzake jikoni, alimbandika samaki motoni, akavuta kigoda. Mkono wa kushoto ulikwenda ukingoni, chini, pale bati linapoiba joto. Ulichota. Uliviringisha vibaya. Tonge lilipasuka, nusu ikamdondokea magotini na nusu ikaruka ndani ya mchuzi, ikaturushia sote mawese usoni.

Direkta alikitazama kidole gumba chake cha kushoto kwa huruma ya mkuu wa shule.

"Kapita mupya," alisema. "Hajui kazi."

Sijui nani alianza kucheka. Najua tu kwamba Mama Direkta alijifunika uso kwa kitenge na mabega yake yakatikisika, na kwamba kicheko kile kilipita barabarani, kwa sababu mama yangu alitoka mlangoni kwetu ng'ambo kuja kuona.

Tukaendelea. Matonge ya mkono ule mpya yalikuwa madogo mno, kama ya mtoto aliyeachishwa ziwa juzi, na kati ya moja na jingine palikuwa na safari ndefu. Bila mtu kusema neno, nilimwona Shehe akipunguza matonge yake mpaka yakalingana na yale. Mama Direkta akafanya vivyo hivyo. Nami pia. Tulichukua, tukameza, tukangoja. Direkta aligundua.

"Munanifanya mutoto wa mwisho?"

"Sheria ni yako," Shehe akasema. "Kipimo ni huyu."

Samaki alipofika kutoka motoni, Direkta alikitia kipande shavuni, upande ule wa kushoto, akafumba mdomo na kutulia. Tulimtazama. Miba ilitokeza mmoja, halafu mwingine, safi kabisa, akaipanga ukingoni.

"Shehe," alisema, "na mukono mumoja, ungechambua huyu samaki namna gani?"

Shehe aliitazama mikono yake miwili, kisha ile miba. "Kula," alisema. "Itakukaba tu."

Wakati huo ndipo nilipotoa zawadi yangu. Niliwasimulia habari za Wamaza, mama aliyeshikilia nguzo, mkono mdogo uliokumbukwa na gramu zilizosahauliwa. Direkta alinitaka niirudie habari hiyo, nami nikairudia; hakutania chochote, akageuza uso upande wa barabara kidogo.

Likabaki tonge la mwisho. Sote tuliirudisha mikono magotini, na mahali petu kitendo hicho kina maana moja tu. Bugali ule mdogo ulikaa peke yake katikati ya sinia. Direkta aliutazama kwa muda mrefu. Kisha mkono wa kushoto ukasogea, ukaukusanya wote, ukaanza kuviringisha bila haraka, ukisimama, ukirudia. Kidole gumba kilisita, kikaingia, kikachimba, kikatoka. Shimo lilikuwa upande, lakini lilikuwa shimo. Akachota mchuzi wa mwisho, na halikudondoka hata tone.

Ndipo akaunyoosha mkono kuelekea kwangu.

"Kamata," alisema. "Huu wangu utakomaa. Wako ndiyo bado mudogo."

Nilikinga kiganja. Tonge lilikuwa limepinda, limebeba mwiba mdogo niliouhisi kiganjani bila kuuona. Nilitaka kuutafuta kwa vidole; macho ya Direkta yakanizuia. Nikalitia lote shavuni, nikafumba mdomo, nikatulia, nikauacha ulimi ufanye kazi yake gizani, huku wazee wawili wameinama mbele, kila mmoja akisubiri kuona nani kati yao alinifundisha.